Munganga wa kupasua aliyeamsha zamu wa mwili

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wa makambi, kwetu mutu akisikia neno kansere anaanza kuhesabu siku. Wengine wanakimbia kutafuta ule aliyewaloga. Leo nawaeleza habari ya munganga mumoja wa Marekani, Steven Rosenberg, aliyezaliwa New York mu 1940.

Kazi yake ni kupasua. Mu 1968 alikuwa angali kijana anajifunza, mu lopitalo ya maaskari wa zamani kule Boston. Kukafika mzee mwenye kuumwa nyongo, ugonjwa wa kila siku. Lakini karatasi zake zilisema kama miaka 12 mbele walimukuta na kansere ya tumbo imekwisha kuingia mu maini. Wakakata kipande cha tumbo, ile ya maini wakaiacha, wakamurudisha kwake akufe. Rosenberg akamupasua juu ya nyongo, akapapasa maini kwa vidole vyake. Hakuna kitu! Kansere ilipotea yenyewe.

Wengine wangesema ni muujiza na kuendelea na kazi. Yeye akajiuliza: nani aliiua? Mu damu yetu muko chembe nyeupe, sawa bazamu wenye kulinda nyumba. Mududu wa inje akiingia, wanamurukia. Kansere, yenyewe, haitoki inje. Ni nyama ya mwili wetu iliyoasi. Inapita mbele ya zamu, naye anaona ni mutu wa nyumba. Rosenberg alitaka kumuamsha ule zamu.

Mu 1974, mwenye miaka 33, akafanywa mukubwa wa kupasua mu Taasisi ya Taifa ya Kansere kule Bethesda. Miaka iliyofuata ilikuwa ya machozi. Alijaribu dawa inayoitwa interlekini-2, kitu chembe nyeupe zinatoa ili zizae zingine. Wagonjwa zaidi ya 60 walipita mu mikono yake, hata mumoja hakupona. Mimi najiuliza namna gani alikuwa analala usiku. Mwisho wa 1984 kukaja mwanamke mumoja, afisa wa jeshi la maji, mwenye melanoma, kansere ya ngozi, iliyotawanyika mu mwili muzima. Akapewa kipimo kikubwa sana, karibu dawa yenyewe imuue. Kisha uvimbe ukaanza kuyeyuka, ukaisha. Miaka makumi nyuma yake alikuwa angali muzima.

Mu 1988 akaonyesha njia ingine. Anakata uvimbe, anatafuta ndani yake chembe nyeupe zilizokwisha kuingia lakini zikashindwa. Anazilea mu chupa mpaka zinakuwa mamilioni kwa mamilioni, anazirudisha kwa mugonjwa mu mushipa. Hapa njo unaona juu ya nini mupasuaji ndiye alifika kule: ni yeye anashika uvimbe mu mukono. Dawa ya namna ile, ya melanoma, ilikubaliwa Marekani mu mwezi wa pili 2024. Bei yake kwa mugonjwa mumoja inapita dola 500 000.

Sitawadanganya: haiponyeshi wote, na bei ile hakuna mushahara wa mugodi utaifikia. Kwetu vita inaanzia mu shimo. Vumbi ya mawe yenye silika, na radoni, hewa isiyo na harufu inayotoka mu mawe ya uranium, vyote viwili vinaleta kansere ya mapafu. Wachunguzi wa shirika la afya la dunia wamekwisha kuvitia mu orodha ya vitu vyenye kuleta kansere. Mashini ya kutoboa bila maji, hewa isiyozunguka: delege wa sindika akilia juu ya hayo, musimuone ni mutu wa makelele.

Tena kitu kimoja. Kama karatasi za ule mzee wa Boston zingetupwa, Rosenberg angetoa nyongo tu, asijue neno. Kwetu mufanyakazi anahama kampuni leo, kesho fishi yake ya lopitalo haiko tena. Basi, mbele ya kuondoka, muombe kopi ya fishi na picha ya mapafu, zikae mu nyumba pamoja na karatasi za watoto. Wakikataa, muje muone delege wenu.