App Mesh kufungwa Septemba 2026: mafundi wa klaudi watakiwa kuhesabu njia zao mapema

Makampuni yanayotumia App Mesh, huduma ya Amazon Web Services (AWS) inayoelekeza mawasiliano kati ya programu zilizo kwenye klaudi, yana hadi tarehe 30 Septemba 2026 kuhamia kwingine. Kwa mujibu wa tangazo la AWS, baada ya siku hiyo mteja hataweza tena kufungua ukurasa wa usimamizi wa App Mesh wala kufikia kitu chochote alichokiweka humo. Wateja wapya walifungiwa mlango tangu tarehe 24 Septemba 2024.

Kwa mafundi wanaolinda mifumo hiyo, kazi inaanza na swali dogo: tuna njia ngapi, na zinaelekea wapi? Jibu linaanzia kwenye amri moja fupi inayoandikwa kwenye kompyuta, inayoitwa list-routes, yaani orodhesha njia. Lakini anayeishia kwenye amri hiyo peke yake anaweza kudhani ameona yote, na huku sehemu kubwa imebaki gizani.

Servisi meshi ni kitu gani?

Zamani programu ya duka la mtandaoni ilikuwa kitu kimoja kikubwa. Siku hizi makampuni mengi yanaikata vipande: kimoja kinashughulikia malipo, kingine kinahesabu bidhaa zilizobaki, kingine kinatuma SMS kwa mteja. Vipande hivyo vinaulizana kupitia mtandao mara nyingi kila sekunde. Vikiwa vitatu, fundi anakumbuka kipi kinaongea na kipi. Vikifika mia moja, hakuna kichwa kinachotosha.

Servisi meshi, yaani wavu unaounganisha huduma, ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo. Kando ya kila kipande inawekwa programu ndogo ya kupitisha mawasiliano. Aliyezoea kupanda basi dogo ataelewa upesi: dereva anaendesha, konvoyeri anashughulika na abiria. Konvoyeri anayetumiwa na App Mesh anaitwa Envoy. Ni programu iliyotengenezwa na Lyft, kampuni ya usafiri ya Marekani, na kutolewa bure kwa umma mwaka 2016. App Mesh, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2019, ndiyo inayowapa makonvoyeri wote maelekezo ya njia.

Maelekezo hayo yamepangwa kwa ngazi. Juu kabisa kuna meshi. Ndani ya meshi kuna ruta pepe, na ndani ya kila ruta kuna njia. Njia inasema ombi la aina fulani lipelekwe wapi, likishindwa lijaribiwe tena mara ngapi, na likikawia likatwe baada ya muda gani.

Amri na majibu yake

Fundi mwenye programu ya amri ya AWS kwenye kompyuta yake anaandika hivi, akiweka majina ya meshi na ruta zake mwenyewe:

aws appmesh list-routes --mesh-name duka --virtual-router-name malipo

Jibu linakuja kwa maandishi matupu. Kwa kila njia linaonyesha jina lake, ruta na meshi inamokaa, anwani yake kamili ndani ya AWS, namba ya akaunti ya mwenye meshi na ya mwenye njia, tarehe iliyoundwa, tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho, na namba ya toleo. Amri hii inasoma tu, haibadilishi chochote. Mtu anayeitumia anahitaji ruhusa ya kuorodhesha, na si lazima apewe ruhusa ya kufuta au kurekebisha. Kwa hiyo kazi ya kuhesabu inaweza kukabidhiwa kwa kijana mgeni kazini bila hofu ya kuangusha mfumo.

Kwa aliye mbali na miji yenye intaneti nzuri, amri ina faida nyingine. Ukurasa wa usimamizi wenye picha na vitufe unavuta data nyingi, lakini jibu la amri ni mistari ya maandishi inayofika hata mtandao ukiwa dhaifu. Kijana wa Goma au Lubumbashi anayefanya kazi ya mbali kwa ajili ya kampuni ya nje anaweza kuihifadhi kwenye faili na kuisoma baadaye hata umeme wa modemu ukikatika.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni kwamba amri inaangalia ruta moja tu kwa wakati mmoja. Hakuna amri moja inayotoa njia zote za meshi nzima. Fundi anapaswa kuanza na list-meshes, kisha list-virtual-routers kwa kila meshi, ndipo list-routes kwa kila ruta. Wengi huandika programu fupi ya kurudia kazi hiyo, maana mkono unachoka na jina moja linarukwa.

Mtego wa pili ni eneo. AWS imegawa mitambo yake kwa maeneo, na App Mesh inahesabiwa kwa kila eneo peke yake. Anayeuliza orodha ya meshi kwenye eneo la Ireland, na meshi zake ziko Cape Town, anapewa orodha tupu bila onyo lolote. Orodha tupu inaweza kumfanya mtu aseme hana kitu, kumbe ameuliza mahali pasipo pake.

Mtego wa tatu ni milango ya kuingilia. Maombi yanayotoka nje ya meshi yanapitia geti pepe, na geti lina njia zake zisizoonekana kabisa kwenye list-routes. Hizo zina amri yake, list-gateway-routes. Kuzisahau ni kama kuhesabu vyumba vya nyumba na kuacha mlango wa barabarani.

Mtego wa nne ndio mzito kuliko yote. Orodha inatoa majina bila kuonyesha maombi yanakwenda wapi. Njia inaweza kuitwa malipo-mapya na huku maelekezo yake yanapeleka sehemu 90 kati ya 100 kwenye toleo la zamani, na 10 tu kwenye toleo jipya, kwa sababu fundi aliyekuwa anajaribu toleo hilo alihamia kazi nyingine kabla ya kumaliza. Ili kuona migawanyo hiyo, idadi ya kujaribu tena na muda wa kusubiri, ni lazima kutumia amri nyingine, describe-route, kwa kila njia moja moja.

Kinachoweza kupotea

Hasara hapa ni ya kweli. Tuseme njia ya malipo ilikuwa na agizo la kujaribu tena mara mbili ombi linaposhindwa. Mteja hakuwa anajua kama jaribio la kwanza liliwahi kufeli, kwa sababu la pili lilifaulu. Mfumo ukihamishwa bila agizo hilo, hakuna kengele itakayolia. Ni malipo machache tu yatakayoanza kukataliwa kila siku, na wateja wataanza kulalamika bila mtu kujua chanzo.

AWS inawashauri wanaotumia huduma yake ya ECS wahamie Service Connect, na wanaotumia EKS wahamie VPC Lattice. Huduma hizo hazikujengwa kwa umbo lilelile la App Mesh, kwa hiyo maelekezo hayahami yenyewe; yanaandikwa upya. Tena huduma ya ECS haiwezi kuwa ndani ya App Mesh na Service Connect kwa wakati mmoja. Mafundi wanalazimika kujenga nyingine mpya kando ya ile ya zamani, na kuhamisha wateja polepole kutoka huku kwenda kule. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa usiku mmoja.

App Mesh yenyewe haikuwa na bei ya ziada; mteja alilipia tu nguvu ya kompyuta iliyotumiwa na Envoy. Kwa sababu hiyo meshi za majaribio zilizoachwa zamani hazionekani kwa urahisi kwenye hesabu za mwisho wa mwezi. Orodha kamili inasaidia pia kuzigundua na kuzizima.

Mwenye kutaka kuhama salama ana hatua za kufuata: kupita kila eneo na kila akaunti, kuorodhesha meshi, ruta, geti na njia zote, kuchukua maelezo ya kila njia kwa describe-route, kuyahifadhi yote kwenye faili nje ya AWS, kisha kumuuliza mwenye kila njia kama bado ina kazi. Milango ikishafungwa, faili hiyo ndiyo kumbukumbu itakayobaki ya namna mfumo ulivyokuwa unafanya kazi.