Bita: Kichupa kidogo cha baa, matone mawili tu, lakini muulize mgeni kwanza

Ukipata kazi kwenye kaunta ya kambi ya watalii kando ya Mto Rufiji, utakikuta: kichupa kidogo cheusi, kimevalishwa karatasi kubwa kuliko chupa yenyewe. Hakiuzwi kwa glasi na wateja wengi hawakioni. Ila kikikosekana, aliyeagiza Old Fashioned atajua kwa funda la kwanza.

Hiyo ndiyo bita.

Ni kitu gani?

Ni mizizi, magome, maganda ya matunda na viungo vilivyolowekwa kwenye pombe kali mpaka uchungu na harufu vikatoka. Mzizi unaotumika sana ni wa jentiani, mchungu kama muarobaini.

Bita maarufu kuliko zote, Angostura, ilitengenezwa mwaka 1824 na Johann Siegert, daktari Mjerumani aliyehudumia jeshi la Simón Bolívar huko Venezuela. Ilikuwa dawa ya tumbo. Angostura lilikuwa jina la mji, ambao leo unaitwa Ciudad Bolívar. Siku hizi bita hiyo inatengenezwa Trinidad.

Inafanya kazi gani?

Fikiria mchuzi wa kamba wa delta. Hata kamba wawe wazuri vipi, bila chumvi na bizari mchuzi umepooza. Bita nayo ni hivyohivyo: uchungu unakata utamu wa sukari, harufu ya viungo inatuliza ukali wa pombe.

Tena si nyongeza ya juzi. Mwaka 1806 gazeti moja la Marekani lilieleza kwamba kokteli ni pombe kali, sukari, maji na bita. Zile za zamani bado zinafuata njia hiyo:

- Old Fashioned: sukari kidogo, matone mawili matatu ya bita, wiski, barafu na ganda la chungwa.
- Manhattan: wiski, vermouth nyekundu na matone mawili ya bita.
- Pink Gin: jin na bita basi. Hiki kilikuwa kinywaji cha maofisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza.

Usizidishe. Ukimimina kama sharubati, glasi nzima inakuwa dawa.

Je, inazuia malaria?

Hapana. Wengi wanachanganya bita na kwinini, na historia ya hapa ina mchango wake.

Julai 11, 1915, manowari za Uingereza, Severn na Mersey, ziliimaliza meli ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye mikoko ya delta. Mabaharia waliosalia walijiunga na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck nchi kavu. Dawa zilipoadimika, jeshi hilo lilichemsha magome ya mkwinini na kunywa maji yake. Yalikuwa machungu kupindukia, wakayabatiza "Lettow-Schnaps", yaani pombe kali ya Lettow.

Hiyo ilikuwa kwinini. Kwenye baa, kwinini iko ndani ya tonik, nayo ni kidogo mno: sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 kwa lita. Dozi moja ya mgonjwa mtu mzima ni karibu miligramu 600, mara tatu kwa siku. Yaani ungehitaji zaidi ya lita saba za tonik kwa dozi moja tu! Ukihisi homa, nenda kituo cha afya ukapimwe. Ikiwa ni malaria, utapewa dawa mseto.

Mgeni asiyekunywa pombe

Hapa ndipo pa kuwa makini. Angostura ina pombe asilimia 44.7. Konyagi ina 35. Ni kweli matone mawili kwenye glasi ya soda ni kidogo sana, lakini kwa Muislamu, au mtu aliyeacha pombe, swali si kiasi. Swali ni kama ipo. Na kuna vinywaji vya soda na ndimu vinavyotiwa bita huku vikiitwa "visivyo na kilevi".

Kibiti na Rufiji, ambako Waislamu ni wengi, hili si jambo dogo. Kama wewe ni mhudumu, sema kabla hujadondosha. Kama wewe ni mteja, uliza. Anayetaka uchungu bila kilevi, mpe tonik yenye ndimu, kipande cha tangawizi na ganda la chungwa. Itamtosha.