Vumbi la Pamba, Vumbi la Dhahabu

Sisi ni akina mama saba wa mjini Kahama, mkoani Shinyanga. Kila Jumamosi alasiri tunakutana uani kwa mwenzetu mmoja, chini ya mwembe, kuweka hisa za kikoba chetu na kula karanga. Zamani tulipomaliza kuhesabu fedha tulibaki kuwasema waume zetu, jambo ambalo halikumjenga mtu. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, aliye mkubwa wetu kwa umri, alipokuja na kitabu kilichochakaa, gamba lake limeshonwa kwa uzi mweusi. “Akina mama,” alisema, “leo nawaletea habari za mji wenye moshi. Mtaniambia kama mnaufahamu.”

Kitabu hicho ni North and South, yaani Kaskazini na Kusini, kilichoandikwa na Elizabeth Gaskell wa Uingereza wakati wa Malkia Victoria. Mwalimu alikuwa akisoma ukurasa kwa Kiingereza, kisha anatueleza kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kisukuma palipohitaji ukali. Tulidhani tutachoka baada ya wiki mbili. Tumekaa nacho miezi saba.

Mke wa mchungaji

Swali letu la kwanza lilikuwa juu ya mwandishi mwenyewe, maana tulitaka kujua mwanamke wa siku zile alipataje muda. Mama Gaskell alizaliwa mwaka 1810, akaolewa mwaka 1832 na mchungaji William Gaskell, wakaishi Manchester, mji uliojaa viwanda vya kusokota na kufuma pamba. Alilea mabinti wanne. Mwaka 1845 alifiwa na mtoto wake wa kiume, angali mchanga, na mumewe akamhimiza aandike kitabu ili uchungu upate pa kutokea. Kitabu hicho, Mary Barton, kilitoka mwaka 1848 bila jina lake, na wenye viwanda wa Manchester wakanung'unika kwamba amewaegemea mno wafanyakazi. North and South kilitoka kipande kwa kipande katika gazeti la Charles Dickens, kuanzia Septemba 1854 hadi Januari 1855. (Ndiyo, alikuwa na watumishi wa nyumbani. Mwenzetu mmoja hakutulia mpaka alipojibiwa hilo.)

Hadithi yenyewe ni ya binti wa mchungaji, Margaret Hale, aliyetoka kijijini kusini. Baba yake anaacha utumishi kwa sababu ya dhamiri yake, na familia inahamia Milton, mji wa viwanda wa kaskazini ambao kila mtu anajua kuwa ndio Manchester. Huko Margaret anafahamiana na Bwana Thornton, mwenye kiwanda, mtu mkali aliyeinuka kutoka katika umaskini. Anafahamiana pia na mfanyakazi, Nicholas Higgins, na binti yake Bessy. Margaret anaingia nyumba zote mbili, na kila upande unamwambia mabaya ya upande wa pili.

Tulipoketi kimya

Bessy ana miaka 19, sawa na Margaret, lakini anakufa. Alifanya kazi katika chumba cha kuchambulia pamba, ambamo nyuzi nyepesi huruka hewani kama unga mweupe, na yeye akazivuta mpaka zikamjaa kifuani. Anaeleza kwamba viwanda vingine vina gurudumu kubwa mwishoni mwa chumba, la kuvuta hewa na kuondoa vumbi. Gurudumu hilo lina gharama, pauni 500 au 600, na halimwingizii tajiri faida yoyote, kwa hiyo ni wachache wanaoliweka. Kisha anaongeza jambo lililotushangaza: wapo wafanyakazi wasiolipenda. Wamezoea kumeza vumbi, na likikosekana tumbo linakuwa tupu, wanaona njaa, wanadai waongezewe mshahara.

Tulicheka hapo. Halafu mwalimu akaendelea. Bessy alijua kuwa anaumia, lakini baba yake alipenda vitabu na mihadhara, na hayo yalihitaji fedha, tena yeye hakutaka kuonekana legelege. Basi akaendelea na kazi.

Mwenzetu mmoja aliweka karanga chini. Tutamwita mponda mawe, maana hiyo ndiyo kazi yake tangu mumewe alipomwachia watoto wanne akaenda machimbo ya mbali. Anaketi juani na nyundo, anavunja mawe ya dhahabu yawe kokoto, ndipo yaingie kwenye karasha kusagwa. Analipwa kwa ndoo. Jioni nywele zake, nyusi na kanga vyote vina rangi moja. “Huyo binti,” aliuliza, “alikohoa muda gani kabla hajafa?”

Hakuna aliyemjibu. Nasi sote tulijua kwamba karasha anakofanyia kazi ni mali ya mume wa mwenzetu mwingine, aliyekuwa ameketi mkeka huo huo, hatua mbili kutoka kwake.

Pamba na dhahabu, uwanja mmoja

Kwa sisi watu wa Shinyanga hadithi ya pamba si ya kigeni. Wazazi wetu walilima pamba, wakaipeleka kwenye vyama vya ushirika, nasi tulilala juu ya magunia yake tukiwa watoto. Mwaka 1902 wenye viwanda vya nguo wa Uingereza waliunda chama cha kutafuta pamba katika makoloni, kwa kuwa walichoka kuitegemea Marekani. Na Waingereza walipoitawala Tanganyika, Usukuma ukawa shamba kubwa la zao hilo. Hata ziwa letu, ambalo maji yake tunayanywa hapa Kahama kwa bomba, lilipewa jina la Malkia Victoria na Mwingereza Speke mwaka 1858, miaka mitatu tu baada ya hadithi ya Bessy kukamilika. Kwa hiyo Milton na sisi tulifungwa uzi mmoja zamani sana.

Kilichokuja baadaye ni dhahabu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza kuzalisha mahali hapo. Mgodi mkubwa wa Geita ulikwishaanza mwaka 2000. Buzwagi, ambao uko hapa mlangoni petu, ulianza mwaka 2009 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2021, na mama lishe wa Kahama watakuambia mwaka huo ulikuwaje. Pembeni ya migodi hiyo, kuanzia vijiji vya kwetu hadi Nyarugusu na Rwamagasa kule Geita, yako maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha, na mialo ya kuoshea mchanga. Ndipo walipo wanawake wengi.

Ukweli kuhusu vumbi la mawe tuliupata kwa mganga mkuu wa zahanati moja, ambaye mwalimu alimwalika tule naye ugali. Alitueleza taratibu. Mawe yenye dhahabu huwa na madini ya silika kwa wingi. Yakipondwa yakiwa makavu, hutoka chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na hizo ndizo mbaya kuliko zile zinazotuchafua nyusi. Zikifika ndani kabisa ya mapafu hazitoki. Mapafu hujikunja makovu, pumzi inakuwa fupi. Madaktari huuita ugonjwa huo silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Tena humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Kwa kuwa kukohoa, kukonda na kuchoka vinafanana katika magonjwa yote mawili, wapo wanaopimwa makohozi, wakaambiwa hawana kitu, wakarudi kwenye nyundo. “Mwambieni daktari kazi mnayofanya,” alisisitiza. “Asipouliza, semeni ninyi.” Kitambaa tunachojifunga puani, alisema, huzuia vumbi kubwa tu. Dawa iliyo karibu ni maji: jiwe lililoloweshwa halitoi vumbi kama jiwe kavu.

Alitaka pia kuzungumzia zebaki, ile inayochanganywa na mchanga ili kukamata dhahabu kisha ikachomwa juu ya mkaa. Hapo hatukuhitaji somo refu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya Tanzania, zikiwemo wilaya za Geita na Kahama, na zebaki ilitajwa humo. Mvuke wake unadhuru ubongo na figo, na unamfikia mtoto aliye tumboni. Wawili kati yetu wamewahi kuichoma kwenye jiko la kupikia uji. Hawaichomi tena.

Mke wa mwenye karasha

Jumamosi iliyofuata mke wa mwenye karasha hakuja. Wala iliyofuata. Tulidhani amekasirika, na baadhi yetu, tuseme kweli, tulifurahi kidogo. Katika kitabu tulikuwa tumefika kwenye mgomo: wafanyakazi wanadai mshahara, Thornton anakataa kuwaeleza sababu zake, analeta watu kutoka Ireland, umati unavamia uani kwake, na Margaret anasimama kati yao mpaka jiwe linampiga. Yuko pia Boucher, baba maskini asiyeweza kustahimili mgomo kwa sababu watoto wana njaa, lakini chama kinamlazimisha. Mwisho anajizamisha katika kijito chenye maji machache, yaliyojaa rangi za viwandani. Mpaka leo tunabishana juu ya nani alimuua. Mwalimu anasema hilo ndilo kusudi la Mama Gaskell, kwamba kila msomaji amtafute mwuaji na akutane na watu wengi njiani.

Mara ya tatu mke wa mwenye karasha alirudi, akaketi mahali pake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amezungumza na mumewe, na mumewe alimwuliza kama kikoba kimegeuka chama cha wafanyakazi. “Nilimweleza habari za lile gurudumu,” alisema. “Akaniuliza, pauni 500 ni shilingi ngapi?”

Sote tulicheka, hata mponda mawe, ingawa kicheko kilimletea kikohozi.

Mume huyo si mtu mbaya. Ana deni la mtambo, ana deni la mafuta, na karasha za jirani zinasaga kwa bei ya chini. Thornton naye anasema vivyo hivyo juu ya soko la nguo. Lakini hatimaye alikubali kuweka pipa la maji na makopo ya kunyunyizia, wanawake waloweshe mawe kabla ya kuyaponda. Tuliona tumeshinda.

Wiki moja haikupita wapondaji wenyewe wakalalamika. Mawe mabichi yanagandana, kuchekecha kunachelewa, na mtu anayelipwa kwa ndoo anarudi nyumbani na ndoo pungufu. Fundi wa karasha naye alisema unyevu unaziba mtambo, hivyo kokoto lazima zianikwe kwanza. Wanawake wakaanza kurukia pipa bila kulitumia, isipokuwa mwenye mali akipita. Ndipo tulipomkumbuka Bessy na wale waliolikataa gurudumu kwa sababu ya njaa. Tulikuwa tumewacheka.

Sura tuliyoipenda, na tusiyoipenda

Kuna mahali Higgins, baada ya kifo cha Bessy na kifo cha Boucher, anawachukua watoto wa Boucher awalee. Hana kazi. Anakwenda kumsubiri Thornton langoni karibu saa tano nzima, na Thornton anamfukuza kwa maneno makali. Baadaye Thornton anachunguza, anagundua kwamba mtu huyu kweli anawatafutia chakula watoto wasio wake, na anamfuata nyumbani kwake mwenyewe kumpa kazi. Baada ya hapo wanaanzisha chumba cha kulia chakula kiwandani, na siku nyingine tajiri anakaribishwa kula pamoja na wafanyakazi wake. Hapo ndipo wanapozungumza, mdomoni mna chakula.

Sura hiyo tuliomba isomwe mara mbili.

Mwisho wa kitabu haukuturidhisha. Thornton anafilisika, Margaret anapata urithi, fedha za urithi zinamwokoa, na mapenzi yanakamilika. “Na sisi tusio na urithi?” aliuliza mponda mawe. Mwalimu alimtetea mwandishi, akasema hadithi ya gazetini lazima iishe. Hatukukubali. Mama aliyefiwa na mtoto, aliyeona yale yote Manchester, alijua vizuri kwamba vumbi halikuondolewa na harusi.

Mwezi uliopita mke wa mwenye karasha alimchukua mponda mawe kwa bajaji wakaenda hospitali kupiga picha ya kifua. Safari hii mponda mawe alimwambia daktari kazi anayofanya na miaka aliyoifanya, sita, kabla hajaulizwa. Wameambiwa picha itasomwa na bingwa, wasubiri. Nauli ililipwa na kikoba, si na karasha, na jambo hilo limeleta maneno.

Pipa lipo palepale. Wanawake wanadai bei ya ndoo ya mawe mabichi iwe juu kuliko ya mawe makavu, na mwenye karasha amesema atafikiri mwisho wa mwezi. Mkewe amemwalika aje ale nasi Jumamosi ijayo, chini ya mwembe, na mponda mawe ameombwa aje na mwiko wake. Mume hajajibu. Tumenunua samaki wa kutosha hata hivyo.