Tembe ya Livingstone Huko Kwihara

Mtu atokaye Mpanda kwa gari la moshi, akipitia Kaliua, hufika Tabora. Na karibu na mji huo iko Kwihara. Hapo pana tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa tambarare, ambayo sasa ni nyumba ya makumbusho.

Dr. Livingstone, msafiri na mwandishi wa vitabu, aliingia humo pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872. Walikuwa wametoka Ujiji, wakapita Ukonongo, katika nchi ya Mpanda ya leo. Mwezi wa Machi Stanley alikwenda zake, akichukua daftari la mwenzake lililotiwa lakiri, alipeleke Uingereza. Livingstone alibaki mpaka Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani huku akiendelea kuandika.

Mei 1873 alikufa katika nchi iitwayo sasa Zambia. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyefika Kwihara pamoja na wapagazi wale, naye alijua kuandika, akaorodhesha mali ya marehemu. Ndipo Chuma, Susi na wenzao wakauchukua mwili na maandiko yake mpaka pwani, wakipita tena Kwihara. Maandiko hayo yalipigwa chapa London mwaka 1874.

Basi, aingiaye tembe hiyo asimkumbuke mwandishi peke yake. Kama wachukuzi wale wangalitupa mzigo ule porini, maneno yake ya mwisho yasingalisomwa na mtu ye yote.