Tovuti Hujengwa kama Nyumba

Siku hizi wengi wetu tunasoma habari kwenye simu, Shinyanga hata Geita. Habari nyingi hukaa kwenye tovuti. Je, tovuti hujengwaje?

Fundi huandika maneno ya kuiambia simu: hiki ni kichwa cha habari, hii ni picha. Lugha hiyo huitwa HTML. Aliyeianzisha ni Mwingereza, Tim Berners-Lee. Watu wengi walianza kuiona kazi yake mwaka 1991.

Zamani fundi aliandika kila kitu mwenyewe. Sasa zipo zana kama WordPress, iliyotoka mwaka 2003. Ni sawa na kununua milango na madirisha yaliyokwisha tengenezwa. Kazi yako ni kupachika tu. Hata asiye fundi anaweza kumaliza kwa siku moja.

Hiyo ni faida. Lakini tapeli naye anazo zana hizo hizo. Anaweza kuweka nembo ya Serikali, bei ya dhahabu, na namba ya kutumia pesa. Uzuri wa ukurasa si ushahidi.

Basi tufanyeje? Tusome jina la tovuti lililo juu. Majina yanayoishia na .go.tz hupewa ofisi za Serikali tu. Jina la Tume ya Madini ni tumemadini.go.tz. Ukurasa ukijiita wa Serikali lakini jina lake likaishia na .com, tusitume pesa. Twende kwanza tukaulize ofisi ya madini.

Kusoma tumekwisha jifunza. Basi tusome mpaka herufi ya mwisho.