Kompyuta nyepesi Bunia: chumba kizima, seva moja, na kazi ya kuitunza

BUNIA, Ituri – Umeme ukikatika katikati ya somo la kompyuta, hasara haiishii kwenye ukurasa ambao mwanafunzi alikuwa akiuandika. Mashine inayozimwa ghafla mara kwa mara huharibika diski, na ikishaharibika husogezwa ukutani kungoja fundi, kipuri na fedha. Baada ya miaka michache chumba chenye meza 20 kinabaki na mashine tano zinazowaka, na wanafunzi wanne wanne wakigombania kibodi moja.

Hiyo ndiyo sababu wazo la zamani linafaa kuangaliwa upya katika miji kama Bunia: badala ya kununua kompyuta kamili 20, shule au ofisi inanunua moja yenye nguvu, kisha inaunganisha vifaa vidogo 20 visivyo na diski. Waliojifunza ufundi Kampala huviita tini klayenti. Waliosoma kwa Kifaransa huviita kliya leje. Kwa Kiswahili chepesi ni kompyuta nyepesi.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja. Kina tundu la kebo ya mtandao, la skrini, la kibodi na la kipanya. Hakihifadhi barua, orodha wala picha. Kila kitu hufanyika ndani ya seva, na kifaa kinaonyesha matokeo tu kwenye skrini.

Hesabu ya umeme

Umeme wa maji unaofika Bunia hutoka bwawa la Budana kwenye mto Shari, lililojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Hautoshi kwa mji uliopanuka tangu uwe makao makuu ya mkoa wa Ituri mwaka 2015, na uliopokea maelfu ya watu waliokimbia vita kutoka Djugu na Irumu. Wengi hujazia kwa jenereta au paneli za jua. Kwa hiyo swali la kwanza si bei ya kompyuta, ni wati ngapi zitahitajika.

Kompyuta ya mezani iliyotumika, pamoja na skrini yake bapa, hula takriban wati 100. Mashine 20 ni wati 2,000. Kompyuta nyepesi hula kama wati 5, na skrini wati 20. Vifaa 20 vya namna hiyo ni wati 500. Ukiongeza seva ya wati 100 na swichi ya mtandao, jumla haifiki wati 650.

Tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye betri. Kwa masomo ya saa nne bila umeme wa nje, ukikubali kwamba inveta hupoteza sehemu ya nguvu na kwamba betri ya asidi haifai kutumiwa chini ya nusu, chumba cha kompyuta za kawaida kinahitaji betri nane za volti 12 na saa-ampea 200. Chumba cha kompyuta nyepesi kinahitaji tatu, au nne zikifungwa mbili mbili. Kila betri iliyopungua ni gharama ambayo mzazi hatatozwa tena baada ya miaka mitatu au minne, betri zitakapochoka.

Jambo hili limejaribiwa kwingine Afrika. Huko Malawi, mradi wa Baobab Health uliingiza hospitalini vituo vya skrini za kugusa vinavyokula umeme kidogo, vikiungwa mkono na betri ili muuguzi asirudi kwenye karatasi kila umeme unapokatika. Na Macedonia, barani Ulaya, mwaka 2007 ilitangaza mpango wa kuweka vituo 180,000 vya aina hii katika shule zake, badala ya kumnunulia kila mwanafunzi kompyuta kamili.

Kuanzia seva

Kosa la kwanza katika kazi hii ni kutumia fedha nyingi kwenye vifaa vidogo na kubana seva. Ni kinyume. Kivinjari cha intaneti cha siku hizi hula kumbukumbu ya nusu GB hadi GB 1 kwa kila mtumiaji. Watumiaji 20 wanahitaji seva yenye kumbukumbu ya GB 16 kwa uchache, na GB 32 ili ipumue. Diski iwe ya SSD, kwa sababu watu 20 wakifungua programu kwa wakati mmoja, diski ya kuzunguka huwa ndiyo foleni.

Kebo kati ya seva na swichi iwe ya gigabiti moja. Kutoka swichi hadi kila meza, megabiti 100 zinatosha kwa kompyuta nyepesi za kweli. Kebo moja ya shaba isizidi mita 100. Mtandao wa redio bila waya haufai hapa: unapoyumba, skrini zote huganda pamoja.

Kwa upande wa programu kuna njia mbili. Ya kwanza ni vifaa vya kampuni, kama NComputing, ambavyo hufungwa haraka, lakini vinategemea programu ya kampuni hiyo hiyo na leseni. Kampuni ikiacha kuhudumia kifaa cha zamani, mwenye shule anabaki na kisanduku kizima kisichokubali mfumo mpya.

Njia ya pili ni programu huria ya LTSP, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na Jim McQuillan, kisha ikaandikwa upya mwaka 2019 chini ya Alkis Georgopoulos, anayefanya kazi na shule za Ugiriki. Haina malipo ya leseni. Faida yake kubwa kwa Bunia ni kwamba inafufua kompyuta zilizokufa diski: mashine huwashwa, inaomba mfumo kupitia kebo ya mtandao, na inafanya kazi bila diski kabisa. Zile zilizosukumwa ukutani zinaweza kurudi mezani, mradi ziwe na kumbukumbu ya kama GB 2. Mashine hizo hazipunguzi wati sana, lakini hupunguza manunuzi. Mwalimu naye anaweza kutumia Epoptes, programu iliyotoka pia Ugiriki, kuona skrini zote kutoka mezani pake na kuzizima zote kwa pamoja kipindi kinapokwisha.

Radi, vumbi na barabara

Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kivu Kusini, kuwa ya kwanza Afrika na ya pili duniani, ikiitanguliwa na ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Ituri ina mvua za aina hiyo hiyo. Radi haihitaji kupiga jengo lenyewe: hupita kwenye waya wa umeme au kebo ndefu ya shaba kati ya majengo mawili, na usiku mmoja swichi na vifaa vyote vinaungua. Ndiyo maana waya wa ardhini huwekwa kabla ya kompyuta ya kwanza, majengo mawili huunganishwa kwa faiba, na plagi kuu hutolewa kila jioni.

Vumbi jekundu la kiangazi nalo huingia kwenye feni ya seva. Kompyuta nyepesi nyingi hazina feni, hivyo kitambaa kikavu kinatosha. Seva inataka kufunguliwa na kupulizwa kila mwezi, na kuwekwa juu ya rafu, si sakafuni.

Kipuri kinapohitajika, hutoka mbali. Bidhaa nyingi huja kutoka Uganda, kwa barabara ya Mahagi au kwa boti kupitia Kasenyi na Tchomia kwenye ziwa Albert. Barabara ya Mahagi, na ile ya kusini kupitia Komanda, zimeshambuliwa mara nyingi na makundi yenye silaha, na mkoa umekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Adapta ya dola chache inaweza kuchelewa wiki kadhaa. Busara ni kununua vifaa 22 kwa meza 20, na kuweka swichi ya pili kabatini.

Hatari iliyo kwenye kikapu kimoja

Udhaifu wa mpango huu hauna budi kusemwa wazi. Kompyuta moja ya kawaida ikifa, 19 zinabaki. Seva ikifa, chumba chote kinakufa. Katika ofisi au hospitali maana yake ni majina, majalada na alama zote kufungwa ndani ya sanduku moja.

Bunia inajua uzito wa jambo hilo. Mwezi Mei 2003, wakati wa mapigano ya kuugombania mji, nyumba, maduka na ofisi ziliporwa. Kompyuta nyepesi ikiibwa, mwizi hapati hata jina moja ndani yake. Lakini seva ikiibwa bila nakala, shule haiwezi kumthibitishia mwanafunzi aliyekimbia kwamba aliwahi kusoma hapo.

Dawa yake ipo. Kompyuta ya pili, hata dhaifu kidogo, huwekwa mfumo ule ule na kungoja zamu yake. Diski mbili za nje hubadilishana: moja inanakili usiku wa Ijumaa, nyingine inalala katika jengo tofauti. Na angalau mara moja kila muhula, seva kuu huzimwa kwa makusudi ili kuona kama ile ya akiba inasimama kweli. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Nani atashika ufunguo?

Masomo mapya ya sayansi katika shule za sekondari za Kongo yameingiza teknolojia ya habari na mawasiliano kuanzia darasa la saba. Mtoto wa Irumu anasoma mtaala ule ule na mtoto wa Kinshasa, na bila mashine atafundishwa kipanya kwa kuchorewa ubaoni.

Vifaa vinaweza kuletwa na mfadhili, lakini utunzaji ni wa wenyeji. Mkuu wa shule anapopokea chumba kipya, maswali matatu yanafaa kujibiwa kabla ya utepe kukatwa: ni walimu gani wawili wanaojua kuwasha seva ya akiba, diski ya nakala inalala wapi, na fedha za betri zijazo zinawekwa kwenye daftari gani. Chumba chenye majibu hayo matatu kina nafasi ya kuendelea kuwaka hata siku barabara ya Mahagi imefungwa.