Magunia machache yanavyoamua bei ya lori zima Dumila

MSIMU wa mavuno ya mahindi unapofika, njia panda ya Dumila wilayani Kilosa, pale barabara ya Rudewa na Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, huchangamka. Mzigo hutoka Magole, Msowero na vijiji vingine, ukapakiwa kuelekea Dar es Salaam au soko la mahindi la Kibaigwa mkoani Dodoma.

Mnunuzi anayechukua magunia 200 huona uvivu kuyapima yote. Huchagua machache, akayapandisha kwenye mizani, akapata wastani, na malipo ya mzigo mzima yakafuata hapo. Mkulima akiona namba ndogo husema ameibiwa. Mnunuzi akifika mjini na kukuta upungufu, naye husema hivyo hivyo. Wizi upo, lakini mara nyingine hakuna aliyeiba. Wastani wa magunia machache hucheza: ukichagua mengine, namba inabadilika. Swali lenye fedha ndani yake ni kwamba unacheza kwa kiasi gani.

Chukua mfano wa magunia matano tu, yenye kilo 84, 88, 92, 96 na 100. Yakipimwa yote, wastani wake ni kilo 92, na huo ndio ukweli wa mzigo. Mnunuzi akipima gunia moja, anaweza kuangukia la kilo 84 au la kilo 100. Kati ya matano, ni moja tu litakalomwambia ukweli.

Akipima mawili, kuna jozi 10 anazoweza kuzipata. Wastani wa jozi hizo ni kilo 86, 88, 90, 90, 92, 92, 94, 94, 96 na 98. Jozi 6 kati ya 10 zimeangukia kati ya kilo 90 na 94, wakati gunia lenyewe lenye uzito wa hapo katikati ni moja kati ya matano. Tena, ukijumlisha namba hizo 10 na kugawa kwa 10, unarudi kwenye kilo 92 zile zile.

Orodha hiyo ya wastani wote unaoweza kupatikana ndiyo wanafunzi wanaoanza somo la takwimu huiita mgawanyo wa wastani wa sampuli. Wengi wao huikimbia, kwa sababu darasani hufika ikiwa imevaa herufi za Kigiriki. Mchuuzi wa Dumila mwenye magunia matano mbele yake angeielewa kabla chai haijapoa. Kinachowachanganya watu ni kutotenganisha mambo mawili: tofauti ya gunia na gunia, na tofauti ya wastani na wastani. Ya kwanza haipungui hata ukipima magunia mangapi. Ya pili ndiyo hupungua.

Si hesabu ya kuchezea. Katika mfano huo, mnunuzi aliyeangukia jozi ya kilo 86 anamkata mkulima kilo 6 kila gunia. Kwa magunia 200 ya namna hiyo ni kilo 1,200, na kilo ikiwa shilingi 600, mkulima amepoteza shilingi 720,000. Akiangukia jozi ya kilo 98, hasara ile ile inahamia kwa mnunuzi.

Upime mangapi?

Upungufu wa mchezo huo una kanuni yake: tofauti ya magunia hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya magunia yaliyopimwa. Tuseme magunia ya mzigo hutofautiana na wastani kwa kama kilo 8, kipimo ambacho wataalamu hukiita mchepuko sanifu. Wastani wa magunia 4 utacheza kwa kilo 4, wa magunia 16 kwa kilo 2, na wa magunia 64 kwa kilo 1. Ukipima 16, karibu mara 95 katika 100 jibu lako halitaachana na ukweli kwa zaidi ya kilo 4.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kupiga hesabu ya jasho. Kutoka gunia 1 hadi 4 anaongeza magunia 3 na kuondoa nusu ya mashaka. Kutoka 16 hadi 64 anawabebesha makuli magunia 48 zaidi ili apate kilo moja.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ukubwa wa mzigo haubadilishi sana hesabu hii. Magunia 16 kutoka katika 200 au kutoka katika 2,000 hutoa uhakika unaokaribiana. Anayeonja mchuzi hutumia kijiko kile kile, sufuria liwe la nyumbani au la harusini, mradi umekorogwa.

Na kukoroga ndiko kunakosahaulika. Magunia 16 yaliyopangwa mlangoni na muuzaji hayana faida yoyote, wala 64 ya aina hiyo. Kanuni inafanya kazi pale ambapo kila gunia lina nafasi sawa ya kuchaguliwa: yapewe namba, vikaratasi viandikwe, vichanganywe, vichotwe mbele ya pande zote mbili. Kuhusu lumbesa, hiyo inapigwa marufuku na sheria ya vipimo, na hakuna wastani wa kuihalalisha.

Elimu hii yenyewe ina asili ya shambani. William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alifanya kazi na shayiri na majaribio yenye sampuli ndogo. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, alichukua vipimo vya wafungwa 3,000, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya na kuzigawa katika mafungu 750 ya kadi nne nne. Kisha akatazama wastani wa kila fungu ulivyocheza.

Sumukuvu haina usawa

Ugumu huongezeka kwa sumukuvu, ambayo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ambayo Machi 2021 iliifanya Kenya izuie kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda. Yaliporuhusiwa tena, kiwango kilichotakiwa ni chini ya sehemu 10 katika bilioni.

Sumu hiyo haikai sawasawa ndani ya mzigo. Inaweza kuwa kwenye punje chache za gunia moja lililolowa. Sampuli ndogo nyingi zitazikosa punje hizo na kusoma chini ya ukweli, na chache zitaziangukia na kusoma juu mno. Wastani wa sampuli zote bado ungekuwa sahihi, lakini mwenye lori hapeleki zote maabara, hupeleka moja. Kwa hiyo bambo huchomwa kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, punje zikachanganywa pamoja na kusagwa, ndipo sehemu ndogo ya unga huo inapopimwa.